Tarumbeta la Mtanda

Mnunuzi kaja na tochi, mchana kweupe,
na daftari la picha za magari ya zamani.
Akapiga magoti mbele, akachungulia mdomoni
kama daktari wa meno:
"Hili ni TR Mbili, Tatu, au Tatu A?"
Nikamjibu: hili ni Tarumbeta.

Jina la kuzaliwa ni Triumph.
Mtanda nzima ilishindwa kulitamka,
na ekzosi iliyotoboka ikamaliza ubishi.

Meneja wa mkonge, Kikwetu, alipofunga virago
baba alikuwa anamdai mishahara ya miezi saba.
Akamtupia ufunguo, akapanda ndege,
hakuuliza kama baba anajua kuendesha.
Hakujua.
Alijua kufungua.

Mnunuzi anasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari:
Mbili, mdomo wake shimo, meno yamejificha ndani.
Tatu, meno yamesogezwa hadi midomoni.
Tatu A, kicheko kutoka taa hadi taa,
vitasa nje ya milango, kitasa kwenye buti.
"Sasa lako," anasema, "limecheka nusu."

Kweli. Meno hayo ni nondo za kitanda cha mama,
kile nilichozaliwa juu yake.
Ya asili yalibaki Mingoyo, siku ya ng'ombe.

Anapima milango kwa futi kamba.
Ya mwanzo kabisa, asema, ilikuwa mirefu,
ikakwaruza kingo za njia huko kwao, wakaifupisha.
Baba hakufupisha kitu.
Lindi ya mwaka ule, kingo za kukwaruza
zingetoka wapi?

Anainua boneti. Ananyamaza.
Hapo ndipo nilipompenda kidogo.

Silivu mbili ni zake, mbili ni za trekta la Fagasoni
lililolala Nachingwea tangu karanga zilipogoma.
Damu ni moja, baba alisema,
wazungu walitia moyo uleule
kwa mwenye jembe na kwa mwenye miwani ya jua.
Alirudi nazo juu ya lori la ufuta,
kazipakata kama mapacha.
Na gasketi ya pampu ya maji ni jalada
la daftari langu la darasa la nne; ukilibandua
bado linasomeka: Somoe Mchopa, Hesabu.

"Na bamba la namba ya kiwanda?"
Hokororo, mdogo wangu, aliliuza kwa mwenye chuma chakavu,
akanunua kashata. Alichapwa peke yake.
Kashata tulikula wote.

"Basi halina aina," mnunuzi akafunga daftari.
"Si Mbili, si Tatu, si Tatu A."
Akakata bei nusu, kisha nusu ya nusu,
kama mtu wa kangomba aliyesikia
kwamba ndani una mgonjwa.
Mgonjwa sina. Nina ada ya chuo,
muhula wa pili wa Zaituni, na simu inayotetemeka
mfukoni tangu asubuhi.

"Ngoja nilikalie kwanza," akasema.
Akapapasa mlango, bati la nje, juu, chini,
akarudia, akatafuta kitasa
ambacho mwenyewe, dakika kumi nyuma,
alinisomea kuwa hakipo.

Nikapitisha mkono juu ya mlango, nikauzamisha ndani,
nikaipata kamba ya mkonge aliyoisokota baba,
imelainika kwa viganja vyetu.
Nikavuta. Mlango ukakohoa.

Kwenye kiti cha abiria kuku alitutazama,
hakuona sababu ya kuhama.
Mnunuzi akasimama, mguu mmoja hewani,
kisha akainama, akaokota yai pembeni yake,
la moto bado, akaligeuza kwenye mwanga wa tochi.

"Hili shilingi ngapi?"

Mia tano, nikasema.
Hilo aina yake haina ubishi.